Siku Utani Ulipohesabiwa

Mtu akipewa nafasi ya kusema neno moja litakalomwokoa, na umati mzima unamtazama mdomo ukingoja alitamke, kwa nini asiliseme?

Swali hilo nilianza kuliuliza siku ile ile, jua likiwa bado juu ya uwanja. Nikaendelea nalo nyumbani, kisimani, na chuoni kwa mwalimu wa Kurani, mpaka nyanya akaniambia nikiliuliza tena atanitia pilipili ulimini. Hakunitia. Nadhani alikasirika kwa sababu hata yeye, aliyemzaa mjomba na kumlea, hakuwa na jibu.

Mjomba ndiye aliyekuwa mzazi wangu. Mama alikufa mimi nikiwa mchanga, na kwetu sisi Wadigo mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo hapakuwa na mjadala wa nani anichukue. Tulikaa Likoni, watu watatu: nyanya, mjomba na mimi, kwenye shamba la minazi la nyanya kando ya njia ya kwendea kivukoni. Mjomba alikuwa fundi wa kuezeka. Nyumba nyingi za mji wetu zilikuwa zimefunikwa na makuti aliyoyafunga yeye, na mvua ikivuja kwa mtu usiku, asubuhi utamsikia mtu huyo mlangoni kwetu: “Hodi, fundi, mimi nimelala na bahari.” Mjomba alikuwa akicheka, anachukua kamba zake, anakwenda. Alikuwa mtu wa maneno machache na ukaidi mwingi. Akisema jambo, limesemwa.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha. Bandarini kazi zilizidi, na kila juma kivuko kilitushushia vijana wapya waliokuja kutafuta kibarua: Wagiriama, Waduruma, Wakamba, watu wa bara wengine ambao hatukujua hata tuwaamkieje. Walilala kumi kumi katika vyumba vya kupanga, na wengine barazani. Serikali ikasema itawajengea nyumba, na kwa hiyo inatafuta ardhi tupu.

Neno “tupu” lilimnyima nyanya usingizi. Shamba lake halikuwa na karatasi. Lilikuwa na minazi aliyoipanda mama yake, kisima, na makaburi ya watu wetu chini ya mkorosho. Hayo ndiyo yaliyokuwa hati zake. Wapimaji wakija, atakayetembea nao na kuwaambia “hapa pana mwenyewe, hapa hapana” ni mzee wa mji. Na mzee wa mji wetu alikuwa amefariki mwezi wa Ramadhani, na kiti chake kilikuwa wazi.

Zamani mzee wa mji alitajwa tu. Wakubwa walikaa kikao, wakanywa kahawa, wakapeleka jina kwa mudiri, mtawala mdogo wa pwani, naye akalipeleka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, kule kisiwani. Mara hii Bwana Shauri alitangaza kwamba watu watachagua wenyewe. Kila mwanamume mlipa kodi atakuja uwanjani asimame nyuma ya mtu amtakaye, na mwenye mstari mrefu ndiye mzee wa mji.

Watu wawili walijitokeza. Mmoja alikuwa mjomba. Wa pili alikuwa serangi mmoja, yaani msimamizi wa kundi la makuli bandarini, ambaye alihamia kwetu wakati wa vita na kujenga nyumba ya mabati. Nilipokuwa mtoto sikumpenda, nilimwona kama shetani. Sasa nikimfikiria kwa haki, naona alikuwa na hoja. Vijana wake walilala kama dagaa kapuni. Alitaka nyumba zijengwe, na nyumba haziwezi kujengwa hewani. Swali pekee lilikuwa zijengwe juu ya nani.

Nyanya hakuwa na shaka yoyote. “Mji huu ni wetu,” alisema huku akikuna nazi. “Atasimamiwa na nani yule? Mabati yake?”

“Nyanya, na wewe utasimama nyuma ya mjomba?”

“Mimi mwanamke.”

“Lakini shamba ni lako. Mjomba hana shamba.”

“Ndiyo.”

“Sasa mbona asimame asiye na shamba, na mwenye shamba akae?”

Nyanya aliendelea kukuna nazi. “Mjukuu wangu,” alisema hatimaye, “ukikua utaolewa na mtu kiziwi, inshallah, ili ndoa idumu.”

Chuo kikuu, ambako nimekaa miaka hii ya karibuni nikisoma mambo ya serikali na watu, mhadhiri wetu hupenda kuchora ubaoni jinsi watu wa miji mikubwa wanavyopiga kura. Huchora kabila hili hapa, dini hii pale, wapangaji upande huu, wenye nyumba upande ule, wangapi hutoka na wangapi hubaki majumbani. Wenzangu hunakili. Mimi huishia kutazama ile mistari ya chaki nikijiuliza ndani yake ni wangapi wanaocheka.

Lazima nieleze utani, kwa sababu msomaji wa bara anaweza kudhani nazungumzia mzaha wa kawaida. Kwetu kuna koo ambazo ni watani wa ukoo wetu tangu hakuna akumbukaye lini. Mtani wako ana haki ya kukutukana hadharani, na huna haki ya kukasirika. Ana haki ya kukunyang'anya kofia njiani mpaka umkomboe kwa kitu kidogo. Zaidi ya yote ana kazi yake msibani. Babu alipozikwa, mimi nikiwa mdogo nimebebwa mgongoni, mgema mmoja wa ukoo wa watani wetu aliruka ndani ya kaburi akajilaza chali. “Nyumba hii ina mpangaji!” alipiga kelele. “Mzee wenu atafute kwingine!” Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mjomba alishika kuku, akamtolea. Mgema akatoka kaburini na kuku wake, akaupokea mwili wa babu kwa mikono miwili, akaulaza, na hakuna aliyelia siku hiyo kuliko yeye. Hadithi hii nimesimuliwa mara nyingi hata naikumbuka kama niliyeiona.

Hivyo ndivyo mtani anavyokupenda. Anakuzuilia njia penye jambo kubwa, unamkomboa, kisha anakubebea jambo lako begani. Asiyezuiliwa na watani wake hana watu.

Siku chache kabla ya uchaguzi serangi alianza kutoa. Sukari ilikuwa bado ya shida tangu vita, lakini ilionekana ikiingia nyumba za watu katika vifuko vya karatasi. Mbuzi wawili walichinjwa nyuma ya nyumba ya mabati, na vijana wakala mpaka wakashindwa kuinuka. Mjomba hakutoa kitu. Asubuhi moja alivaa kanzu yake ya Ijumaa, siku isiyo Ijumaa, akavuka kwenda kisiwani, akarudi jioni bila kutueleza alikokwenda. Siku ya pili yake mkalimani wa Bwana Shauri alikuja na askari na ngoma. Alikuwa mtu mwembamba wa Changamwe, mwenye tarbushi na sauti ya kuadhini. Alisimama sokoni akatangaza:

“Bwana Shauri anasema: mtu asitoe kitu kwa ajili ya kusimamiwa. Si ng'ombe, si mbuzi, si fedha, si sukari. Hata kuku! Atakayetoa, siku ya uchaguzi au kabla yake, atatolewa uwanjani, na kiti atakichukua mwenziwe.”

“Hata kuku?” aliuliza mgema, yule yule wa kaburini, ambaye alikuwa juu ya mnazi ulio karibu na soko, kibuyu kiunoni. “Na yai je, bwana?”

Soko lilicheka. Mkalimani alimtazama juu, akasema, “Shuka kwanza, ndipo uulize sheria.”

“Nikishuka mnazi ataupanda nani? Wewe?”

Mjomba alikuwapo. Hakucheka.

Siku yenyewe nyanya alinivalisha leso mpya, tukaenda uwanjani na wanawake wengine. Askari walikuwa wamezungushia uwanja kamba, na wanawake na watoto tukawekwa nje yake. Tulikuwa wengi kuliko waliokuwa ndani. Hilo liliniduwaza mapema. Nilizoea kusikia kwamba mji wote utachagua, na hapa nikauona mji wote, na sehemu yake kubwa imesimama nje ya kamba ikitafuna korosho.

Hata wanaume hawakuja wote. Wavuvi walikuwa wamekwenda zao kama siku yoyote. Wazee kadhaa, watu waliokaa na mjomba baraza moja miaka yote, walibaki nyumbani. Mmoja wao alisema mstari ni kitu cha posho na kuli, yeye hasimami mstarini mbele ya wajukuu wake. Fundi, alisema, anajua moyo wa mwenziwe uko upande wake. Moyo! Niliambiwa hivyo na mjukuu wake mwenyewe, kwa fahari. Vijana wa serangi, kinyume chake, walikuja wote, wameshuka zamu, wengine bado na vumbi la saruji kwenye nyusi. Wao mstari waliujua. Asubuhi kila siku husimama mstarini bandarini wachaguliwe wao, na leo mara ya kwanza wanachagua.

Bwana Shauri alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli. Mjomba akasimamishwa upande wa msikiti, serangi upande wa barabara. Mkalimani akainua mkono, akaushusha, na watu wakaanza kwenda.

Walikwenda kama nilivyotarajia. Wenyeji nyuma ya mjomba: wakulima, mwadhini, wachuuzi wa samaki, wanafunzi wake wa kuezeka. Baadhi ya wapangaji wa Kigiriama pia walikwenda kwake, Wakristo, kwa sababu alikuwa amewaezekea kanisa lao la makuti bila kuwauliza wanasali namna gani. Vijana wa wenyeji waliopata kazi bandarini walikwenda kwa serangi wameinamisha macho, na mama zao upande wetu wa kamba wakaguna. Mistari ikawa karibu sawa, wa mjomba ukizidi kidogo. Nyanya alikuwa anahesabu kwa midomo. Alinifinya bega. “Bado watani,” alisema. “Wakija watani, kwisha.”

Watani wakaja. Walikuja pamoja, kwa kuchelewa, kama watu wanaojua wanangojwa, mgema akiwa mbele. Walipita katikati ya uwanja wakielekea kwa mjomba. Mjomba aliwaona akanyoosha mabega. Wakafika hatua chache kutoka kwake, wakasimama, mgema akavua kofia, akainama kama mtu wa harusi, kisha akageuka. Wote wakageuka. Wakaenda kusimama nyuma ya serangi.

Upande wetu wa kamba wanawake walipiga kigelegele.

Walipiga kigelegele kwa furaha! Mimi nilibaki mdomo wazi. Nilimtazama nyanya nikidhani amezimia, nikamkuta anacheka mpaka meno ya nyuma.

“Ewe mwezekaji!” mgema alikuwa akipiga kelele kutoka mstari wa serangi. “Mwizi wa makuti! Tumepata bwana mpya sisi, ana mabati! Mabati hayavuji!”

“Hayavuji!” waliitikia wenzake.

“Tukomboe basi! La sivyo leo tunaolewa huku!”

“Kuku tu!” akasema mwingine. “Kuku mmoja, hata mgonjwa!”

“Hata bata! Hata yule jogoo wako asiyejua kuwika!”

Umati ulicheka, wenyeji wote, hata mwadhini. Serangi naye alitabasamu bila kujua anatabasamia nini. Vijana wa bara walitazamana. Bwana Shauri alimwuliza mkalimani kitu, mkalimani akainua mabega.

Nyanya alikuwa ameshanishika mkono. “Kimbia nyumbani,” alisema, “ulete yule kuku mtembe mweusi aliye jikoni. Mpe mjombako mkononi. Atajua la kufanya.”

“Abee nyanya. Lakini walisema hata kuku—”

“Walikataza rushwa. Hii ni rushwa? Huu ni utani! Kimbia, mtoto!”

Nilikimbia. Shamba halikuwa mbali. Nilimkamata mtembe kwa miguu, nikarudi naye amening'inia na mabawa wazi, anapiga makelele kuliko mgema. Wanawake waliponiona walinifungulia njia na vigelegele vikaanza tena. Nilipita chini ya kamba. Askari alinidaka leso. “Toto, rudi huko!” Nikamwinua kuku juu kadiri mkono wangu ulivyofika.

“Mjomba! Mjomba, huyu hapa!”

Mjomba aligeuka. Aliniona, na alimwona kuku. Mgema naye alimwona, akaanza kutoka mstarini huku amepanua mikono, tayari kumpokea na kuwavusha watu wake. Ilibaki mjomba anyooshe mkono.

Mjomba aligeuza uso. Aligeuza uso wake akatazama msikiti, kama mtu asiyenijua.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilififia huku na huku, watu wakingoja ageuke tena, maana katika utani hata kukataa ni sehemu ya mchezo. Unajifanya bahili kidogo ndipo unatoa. Lakini Bwana Shauri alikuwa ametazama saa yake. Askari wakaambiwa wafunge mistari. Hakuna kuhama. Mkalimani akaanza kuhesabu vichwa kwa kuvigusa na kifimbo, akianzia upande wa serangi.

“Bwana, ngoja,” mgema alisema alipofikiwa na kifimbo. Bado alikuwa na tabasamu usoni, lakini lilikuwa limesahauliwa hapo tu. “Usituhesabu huku. Sisi si wa huku.”

“Umesimama wapi?”

“Nimesimama huku, lakini mimi ni wa kule. Tunacheza na yule, bwana. Ni mtani wangu. Muulize!”

Alijaribu kutoka. Askari akamrudisha kwa kifua. Watani wengine wakaanza kusema wote kwa pamoja, wakinyoosha mikono kwa mjomba, na serangi naye akasema kwa sauti, na kwa haki, kwamba mtu akishasimama hawezi kuambiwa amesimama kwa ndoto. Bwana Shauri akainuka kitini. Mkalimani alimweleza kwa muda mrefu. Yule Mzungu alisikiliza, na nakiri hakuwa mtu wa pupa. Alitembea mwenyewe mpaka kwa mjomba, na mkalimani nyuma yake, uwanja ukawa kimya hata kuku wangu akanyamaza.

“Bwana Shauri anauliza,” alisema mkalimani. “Watu hawa wanasema wamesimama kule kwa mchezo, na kwamba wanangoja kitu kutoka kwako ndipo waje kwako. Je, ni kweli? Ni watu wako? Ukisema ni wako kwa mapenzi yao, si kwa kungoja kitu, atavunja mistari tuanze upya.”

Nilisikia kila neno. Nilikuwa karibu hivyo, leso yangu ikiwa bado mkononi mwa askari. Nilimwona mjomba anatazama mstari wa serangi, uso kwa uso, watu aliokua nao, na wao wanamtikisia vichwa: sema, sema.

“Aliyesimama,” alisema mjomba, “amesimama.”

Mkalimani hakutafsiri papo hapo. “Fundi,” alimwambia taratibu, “hebu fikiri.”

“Nimesema.”

Mgema alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mzima. Haikuwa kilio na haikuwa neno. Kisha hesabu ikaendelea, kifimbo kichwa kwa kichwa, na serangi akampita mjomba kwa watu wachache, wachache kuliko idadi ya watani waliotaka kukombolewa kwa kuku.

Nyumbani hakuna aliyekula. Mjomba alikaa barazani akasuka kuti moja, akalifumua, akalisuka tena. Nilimwendea na swali langu. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Alisema, “Kalale.” Jua lilikuwa bado halijatua. Nyanya alipita mbele yake mara kadhaa bila kumtazama, na yule mtembe akaachiwa jikoni kama zamani, akidonoadonoa majivuni.

Jioni hiyo mgema alikuja. Hakupiga hodi ya kelele kama kawaida yake. Alisimama uani na kofia mkononi.

“Shikamoo mama,” alimwambia nyanya.

Sisi sote tulishtuka. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwamkia nyanya kwa heshima. Desturi yake ilikuwa kumwita bibi kizee mchawi na kumwuliza atakufa lini wapate kula pilau. Nyanya aliitikia “Marahaba”. Mgema akamgeukia mjomba.

“Umenifanya nini wewe?” alisema. “Kuku alikuwapo. Nilimwona.”

Mjomba alisuka kuti lake.

“Ulikuwa wataka nipige magoti? Ningepiga. Ungeniambia mapema kwamba leo hakuna utani, wallahi ningesimama nyuma yako kama mlingoti. Nani angejua? Lini kulikuwa na siku isiyo na utani?”

“Hukukosa,” mjomba alimwambia. Ndilo neno pekee alilotoa. Mgema akavaa kofia yake akaenda.

Wapimaji walikuja baada ya mvua za masika. Mzee mpya wa mji alitembea nao, na mimi na nyanya tulisimama kwenye minazi yetu tukamsikia akisema hapa ni magugu tu, hapana mwenyewe. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kibao. Nyanya alikuwa mbele yake, karibu hata angeweza kumshika mkono.

“Na mimi ni nani?” alimwuliza.

“Wewe ni mama yetu,” alijibu serangi, na nadhani alimaanisha hivyo. “Utapewa mahali.”

Mahali penyewe palikuwa Utange, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, kwa jamaa wa mbali. Siku ya kuhama watani walikuja wote bila kuitwa. Walishusha paa letu kuti kwa kuti, wakabeba milango, vitanda, mtungi, na kinu. Kwa desturi kuhama huwa karamu ya matusi. Mtani hukalia kinu na kudai nauli. Hakuna aliyekalia kinu. Walifanya kazi kwa adabu, wakituita mama na kaka na dada, na nyanya akiwa amekaa juu ya bunda la nguo alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, “Jamani, hata mmoja asinitukane?” Waliinamisha vichwa.

Nyanya alikufa huko huko Utange, mimi nikiwa shule ya bweni. Nilifika mazishini wakati mwili unatolewa. Mgema alikuwapo, mvi zimemjaa. Alifika ukingoni mwa kaburi, akasimama, na watu wote tukajikuta tunamtazama miguu tukingoja aruke. Mjomba alikuwa ameshika kuku kwapani. Nakuapia nilimwona kuku huyo, mwekundu, miguu imefungwa kwa ukambaa. Mgema akatikisa kichwa, akapiga hatua nyuma, akasema kwa adabu kabisa, “Mzikeni mama.” Akazikwa kama mgeni. Mjomba alirudi nyumbani na kuku kwapani, na hapakuwa na mtu wa kumchinja.

Mjomba naye amefariki, mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu. Sikuwahi kupata jibu kwake. Niliwahi kujijibu mwenyewe kwa namna nyingi: kwamba alikuwa na kiburi, kwamba aliogopa Mzungu, kwamba moyoni hakuutaka uzee wa mji, na siku moja ya hasira, Mungu anisamehe, kwamba serangi alimpa kitu. Kila jibu nilipolikagua lilivunjika. Mtu mwenye kiburi hamtafuti Mzungu kwa kanzu ya Ijumaa. Aliyeogopa angesema alichoambiwa aseme.

Likizo iliyopita nilikwenda Changamwe kuuliza wazee habari za chaguzi za zamani, kwa ajili ya insha ambayo mhadhiri wangu anaitaka. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ukalimani. Alikuwa yeye, tarbushi imebadilika rangi. Alinipa chai ya tangawizi, akauliza mimi ni wa nani, na nilipomtajia mjomba aliweka kikombe chini.

Aliniambia kwamba siku ile mjomba alipovuka kwenda kisiwani, yeye ndiye aliyemfasiria. Mjomba alikwenda kushtaki mbuzi na sukari ya serangi. Bwana Shauri alikubali kupiga marufuku, lakini yeye mwenyewe alitaka kukataza fedha na wanyama wakubwa tu. Alisema hawezi kuzuia watu kupeana vitu vidogo vya ujirani, na kwamba desturi za watu aziache. Walibishana juu ya hilo mpaka adhuhuri, Mzungu akitetea desturi zetu na mjomba akikataa. Mwishowe ikaandikwa alivyotaka mjomba. Maneno “hata kuku” hayakuwa ya Bwana Shauri. Yalikuwa ya mjomba wangu.